Mkalimani Mwaminifu

Ukiwa Mkenya kusini mwa Riyadh na ukapatwa na shida, kulikuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu. Shida ikiisha, ulimkwepa. Tulimwita Mkalimani. Jina lake halisi lilikuwa kwenye ikama yake, kibali cha kukaa nchini, na nadhani hata kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikuwa amelisahau. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa ya ulinzi wa jengo moja la ghorofa nne huko Manfuha: kufagia ngazi, kupokea mitungi ya maji, kufungua lango, kugombana na paka. Kwa ukalimani hakuajiriwa na mtu. Lakini alikijua Kiarabu, cha kusoma na cha mtaani, na mwenzetu akiitwa kituoni au hospitalini au mbele ya bosi aliyekasirika, yeye alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na penseli mfukoni.

Tatizo lake lilikuwa moja tu. Hakupunguza neno.

Nililionja hilo mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa dereva wa familia moja, na nilikuwa nimelikwaruza gari la bosi kwenye nguzo ya maegesho. Bosi aliongea muda mrefu, mishipa ya shingo imemtoka. Nikamgeukia Mkalimani nikitarajia aniambie, kama mtu yeyote mwenye huruma angefanya, kwamba mzee ameudhika kidogo. Yeye akasimama wima, akasema kwa sauti ya msoma habari: "Anasema wewe ni punda. Anasema afadhali punda, kwa sababu punda akigonga nguzo hulia. Anasema aliyekufundisha kuendesha alikuwa kipofu, na mama yako alipoteza miezi tisa." Kisha akangoja jibu langu.

Siku hiyo nilimchukia yeye kuliko bosi. Bosi alinitukana kwa lugha nisiyoielewa, na hilo linavumilika. Mkalimani alinitukania mama kwa lafudhi ya nyumbani kwa mama huyo huyo. Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba bosi amekasirika. Akasema hayo yangekuwa maneno yake yeye, si ya bosi, na yeye hakuitwa pale kuongea.

Nyumbani kwa mama, nimesema, na hapo ndipo hadithi yangu na yake zinapokutana. Sisi wawili tulitoka kijiji kimoja huko Taveta. Nililelewa kwa kina mama yangu, na shamba la kina mama na la ukoo wake yanatenganishwa na mfereji mmoja wa maji, ule unaonywesha migomba ya pande zote mbili. Kwa hiyo usoni sikumwita Mkalimani hata siku moja. Nilimwita Mjomba, naye aliniita mpwa wangu. Ndiye aliyekuja kunipokea nilipotua Riyadh, akanibebea begi ingawa umri wake ulikuwa mara mbili ya wangu, na kwa miaka saba hakuna Ijumaa aliyoniacha nile peke yangu.

Sasa lazima niseme habari ya vijana wawili wa kwetu, maana bila wao hutamwelewa. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa na kaka zake wawili. Wakati wa vile vita vya Wajerumani na Waingereza, Wajerumani walipokalia Taveta, askari walikuja kijijini kutafuta vijana wa kubeba mizigo. Kaka zake babu walichukuliwa, hawakurudi. Babu alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alizeeka, akaoa, akazaa, akafa, na mpaka anakufa kulikuwa na kipande cha shamba ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukilima kwa sababu kilikuwa cha kaka zake. Mama yangu amekua akijiuliza swali moja: katika kijiji kizima, askari walijuaje kuja nyumba ile? Na kulikuwa na jambo jingine, dogo sana. Kwetu mtoto hakuruhusiwa kumnyoshea mtu mkono kumwonyesha. Ulionyesha kwa kidevu. Ukinyosha mkono ulipigwa kofi, na ukiuliza sababu uliongezwa la pili.

Ng'ambo ya mfereji, kwa kina Mkalimani, kuna jiwe. Ni jiwe la saruji, refu kufika kifuani, na limeandikwa Kijerumani na Kiswahili: hapa alikaa mzee aliyekataa kuwataja vijana wa kijiji chake. Mzee huyo ni baba yake bibi yake Mkalimani. Jiwe lililetwa na wasomaji wa kitabu kimoja cha Kijerumani kilichomsimulia. Kila mwaka kuna sherehe pale, na wanawake wa nyumba za jirani hulifagia siku moja kabla. Mama yangu ni mmoja wao, na kwa kawaida ndiye anayefika wa kwanza na ufagio.

Kitabu chenyewe nilikiona kwanza ndani ya mfuko wa mchele. Mkalimani alikiweka humo kisiingiwe na vumbi, na mfuko huo aliuning'iniza kwenye msumari ndani ya kibanda chake cha ulinzi. Kilikuwa riwaya nene ya Kijerumani, jalada limefunikwa na ukurasa wa kalenda. Wenzetu walidhani ni Biblia. Jamaa mmoja wa Kitui alipofiwa na kaka yake alikuja akamwomba amsomee Zaburi, kwa lugha yoyote ile. Mkalimani hakumsahihisha. Alifungua akamsomea nusu ukurasa polepole, yule jamaa akalia, akashukuru, akaenda zake. Baadaye nilimuuliza alisoma nini. Akasema ni habari za mvua.

Maana hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Maneno ya watu wengine hayakuguswa, lakini ya kwake mwenyewe aliyachezea apendavyo. Aliwaambia wapangaji kila siku kwamba fundi wa lifti yuko njiani. Alimwambia mke wake kwenye simu kwamba anakula nyama kila siku na analala kwenye kiyoyozi, huku feni yake imefungwa kwa waya. Nikimcheka alisema kudanganya kwa mdomo wako ni tabia tu, watu wanakujua na wanakusahihisha. Ukidanganya na mdomo wa mwingine, nani atakusahihisha?

Kijerumani alikijua tangu ujanani, alipofanya kazi katika hoteli moja ya pwani na kuwatembeza wageni. Alikijua kwa mapenzi. Alisema Mjerumani akiandika hukuketisha sebuleni kwanza, anakuletea hiki na kile, na ni mwisho wa sentensi ndipo anakwambia kilichotokea. Riyadh alikuwa na watu wachache sana wa kuzungumza nao lugha hiyo. Kwa kweli hakuwa na yeyote. Mara moja tu aliwasikia Wajerumani wawili kwenye duka kubwa, akawafuata kwenye rafu za jibini akisikiliza, mpaka mlinzi wa duka akamuuliza anatafuta nini.

Ijumaa alasiri, tulipokusanyika chumbani kwetu Manfuha, alitusomea kitabu kile akikigeuza kwa Kiswahili hapo hapo. Tulikuwa watano sita, wengine wamelala kifudifudi wanakatwa nywele, sufuria ya ugali imefunikwa pembeni. Riwaya ilikuwa ya vita vile vile vya kwetu, na mwandishi alikuwa mtu mkubwa kwao, ametunukiwa hiki na kile, anaalikwa kila mahali kuzungumza juu ya Afrika. Mkalimani alikuwa na vipande vya magazeti vilivyomsifu, alivikunja ndani ya jalada la nyuma. Vyote vilisema neno moja kwa namna tofauti, kwamba hatimaye sauti ya Waafrika wenyewe imesikika. Yule jamaa wa Kitui akauliza, "Sasa huyu Mzungu alijuaje mtu mweusi anafikiria nini akiwa amelala?" Tukacheka. Mkalimani hakucheka.

Alikipenda na alikichukia, vyote kwa pamoja. Alisema hakuna aliyewahi kuandika harufu ya migomba baada ya mvua namna ile, na kwamba kuna ukurasa mmoja wa mama anayesuka mkeka ambao angeuiba kama ungeibika. Hapo hapo alikuwa amekijaza penseli pembeni. Mvua za vuli zimewekwa mwezi usio wake. Mzee anapewa chakula baada ya watoto. Mtu anamwita mama mkwe kwa jina. Alisahihisha kwa maandishi madogo, kurasa baada ya kurasa, kama mwalimu mwenye daftari la mwanafunzi mkaidi. Alisema wale wanaokisifu huko Ujerumani wanakipenda kwa sababu hawana cha kukilinganisha nacho. Mtu akikuchorea nchi ambayo hujawahi kufika, utamwambiaje mto umepinda vibaya?

Siku moja alipokuwa amekwenda kupokea maji nilikichukua nikakipekua. Sijui Kijerumani, lakini penseli naijua. Niligundua kwamba kuna sura moja, katikati, ambayo haikuwa na alama hata moja. Kurasa zaidi ya thelathini, safi. Nikadhani hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alipofika hapo katika usomaji wetu wa Ijumaa alisema tuiruke, ni ndefu na haina mambo, na tukaruka.

Kuna kisa kimoja ambacho watu hawakumsamehe, na kwa muda mimi pia sikumsamehe. Kulikuwa na dada mmoja wa Busia, mfanyakazi wa nyumbani, aliyetaka kurudi kwao. Madam wake alikuwa amekataa, kisha akalegea, na siku hiyo waliketi sebuleni kwake na Mkalimani katikati, na mambo yalikuwa yamekwisha kukubalika. Madam alikuwa amesema halas, basi yameisha, ataandika karatasi ya ruhusa. Yule dada akanong'ona kwa Kiswahili, akiangalia zulia, "Mungu atakulipa kwa ulivyonifanyia." Mkalimani akaigeuza kwa Kiarabu. Hakuiongezea chumvi, lakini hakuimeza. Madam akasimama akatoka. Dada yule alikaa miezi mingine mitano.

Jioni ile Mkalimani alikuja chumbani kwetu akaketi ukingoni mwa godoro bila kuvua viatu, yeye ambaye hakuwahi kuingia na viatu popote. Nikamwambia kwa ukali kwamba hata Mungu angelimeza neno lile. Akasema, "Nilishawahi kumeza moja, mpwa wangu." Kisha akagusa koo. "Moja tu. Bado liko hapa." Nikadhani ni namna yake ya kuongea, nikamwachia.

Katika miezi hiyo mitano alikwenda kwenye lango la nyumba ile kila wiki na kutoa sababu fulani ya uongo, mara ameokota ufunguo, mara anauliza njia, ili amwone yule dada kwa mbali na kujua kwamba yu mzima. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu siku nyingine nilimpeleka kwa gari.

Halafu kulikuwa na neno la shukrani. Mwisho wa kitabu mwandishi aliwashukuru watu wengi kwa majina, wenzake wa vyuo, wahariri, mke wake. Wa mwisho kabisa hakuwa na jina. Mkalimani alinitafsiria siku moja bila mimi kumwomba, kidole chini ya mstari: na mkalimani wangu mwaminifu wa Taveta, ambaye hakuongeza wala hakupunguza neno. Nikampongeza. Nikamwambia ingawa hakutajwa jina, anajulikana. Alifunga kitabu akakirudisha kwenye mfuko wa mchele. Ndipo nilipojua kwamba kijana aliyempeleka mwandishi kijijini kwetu, akaketi kati ya mgeni huyo na bibi yake mwenyewe, binti wa mzee wa jiwe, alikuwa yeye. Nilijivunia sana. Nikampigia mama nikamwambia, naye mama akasema kumbe ndiye huyo aliyetuletea jiwe.

Mwaka wangu wa mwisho Riyadh alianza kuandika barua. Alikuwa amesikia kwamba kitabu kitatolewa upya, na safari hii kitafasiriwa kwa Kiswahili, kisomwe na watoto wa shule zetu. Hilo lilimsumbua kupita kiasi. Aliandika barua kwa mwandishi, akaichana, akaandika nyingine. Alikonda. Nilidhani anadai sehemu yake ya sifa, jina lake liwekwe mbele safari hii, na nikaona ni haki yake. Hatimaye aliituma. Jibu lilikuja baada ya miezi, karatasi nzito, mwandiko wa mzee. Alilisoma amesimama kwenye lango, akalikunja, akaendelea kufagia ngazi kuanzia ghorofa ya nne. Sikuthubutu kuuliza.

Baadaye nilibadilisha kafili, nikahamia Jeddah, nikapanga chumba Kandara na Wakenya wenzangu. Tulipigiana simu Ijumaa. Simu zilizidi kuwa fupi kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilikuwa njiani. Mtu aliyekuwa akisikia manong'ono ya mtu anayeangalia zulia, sasa alinijibu maswali ambayo sikuyauliza.

Mwaka jana alinipigia akasema amepewa kibali cha kuondoka moja kwa moja, na ameomba ndege yake ianzie Jeddah. Nilimwambia Riyadh kuna ndege pia. Akasema anajua. Akaja kwa basi, siku nzima ya jangwa, na asubuhi yake nilimkuta karibu na kituo cha zamani cha mabasi, shati jeupe, begi moja, na ule mfuko wa mchele mkononi. Alikuwa amezeeka. Nikampeleka kwenye mkahawa mdogo wa Myemeni nyuma ya nyumba yetu, tukaagiza chai ya maziwa na maharagwe. Sherehe ya jiwe ilikuwa keshokutwa, Jumamosi, na yeye angefika siku moja kabla.

Hakugusa chakula. Alinihamisha kiti nikae upande wa sikio lililobaki. Alisema anataka kunitafsiria jambo, nisimkatize mpaka amalize, kama yeye alivyomwacha bosi wangu amalize siku ya nguzo.

"Bibi yangu alisema hivi," akaanza, kwa sauti ile ile ya msoma habari. "Alisema: Baba ndiye aliyewataja. Askari walitaka vijana wawili. Sisi nyumbani tulikuwa nao wawili, kaka zangu, wamejificha darini. Baba akanyosha mkono ng'ambo ya mfereji. Akasema, kule wapo wawili wenye mabega. Nilikuwa nimeshika shuka lake. Mama yao alikuwa amesimama kwenye migomba, akauona ule mkono. Tulikuwa tumegombana nao kwa sababu ya maji. Mwaka ule maji yote yalikuwa yetu."

Nje mtu alikuwa anashusha makreti ya maji.

Nilikuwa nafikiria makofi niliyopigwa utotoni kwa kunyosha mkono, na wala aliyenipiga hakujua alichokuwa ananipigia.

Akaendelea, sasa kwa maneno yake. Alisema bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgeni amepiga magoti mbele yake na kinasa sauti, na yeye kijana wa hoteli katikati, amevaa viatu vipya. Hakuwahi kuisikia habari ile kabla ya hapo. Alilelewa, kama sote, kwamba aibu ya mzee haitolewi nje mbele ya mgeni. "Nikamwambia mwandishi: anasema baba yake alipigwa viboko na akakataa kumtaja mtu. Sikupanga, mpwa wangu. Ilitoka yenyewe. Yule mtu akaacha kuandika, machozi yakamtoka. Bibi akaniuliza, mbona mgeni analia? Nikamwambia, amesikitika."

"Na bibi?"

"Akashusha pumzi. Akasema, basi, hata mmoja amesikitika." Alivua miwani. "Alikufa akijua amekiri. Miaka yote ile aliyabeba, akayatoa siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni."

Sura ile safi, isiyo na penseli, ndiyo hiyo. Ndiyo iliyosifiwa kuliko zote, na inasomwa na wanafunzi huko Ujerumani. Katika kitabu mzee anachapwa mpaka jua linazama na hafungui mdomo, na vijana wawili wa jirani wanakamatwa mtoni kwa bahati mbaya. Nikamuuliza mwandishi alijibu nini. Akasema alijibu kwa adabu. Aliandika kwamba riwaya si ushahidi wa mahakama, kwamba ukimya wa mzee yule sasa ni mali ya wasomaji, na kwamba amsihi rafiki yake wa zamani asijitese. Kanda za mazungumzo aliziweka kwenye maktaba moja kwao, zipo mpaka leo, na tangu azipeleke hakuna aliyewahi kuziomba.

Nilikasirika. Nikaificha mikono chini ya meza. Nilimkumbuka babu na kipande chake cha shamba. Nilimkumbuka mama na ufagio. Nikamwambia kwamba miaka saba nimekula naye sahani moja, na kila Ijumaa alikuwa analijua hili. Akasema ndiyo, kila Ijumaa. Hakujitetea. Alisema alikimbilia Uarabuni kwa sababu ya jiwe lile, na akaapa kwamba neno la mtu halitapungua tena likipita kwake, na watu waliumia kwa sababu hiyo pia, lakini hakujua njia nyingine. Sasa anarudi kuyasema pale pale, mbele ya wote. Anachoogopa ni ulimi wake. Akiwaona wazee wa ukoo wamevaa suti, utafanya tena ulichofanya siku ile.

Wakati huo simu yangu ikalia. Alikuwa mama, kwenye WhatsApp, kama kila Alhamisi. Nilimwambia niko na Mjomba, anaondoka kesho. Mama akafurahi sana, nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

"Mwambie asante kwa kukulea huko," akasema. "Mwambie jiwe tutalifagia vizuri, tunamngoja."

Nikainama kwenye sikio la Mjomba nikamwambia yote, neno kwa neno. Akavaa miwani yake. Akaweka kiganja mezani.

"Mwambie," akasema. "Kama nilivyokwambia. Mwambie sasa, nikiwa hapa, nisiweze tena kugeuza."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nilimwona mama, ingawa simu haikuwa ya picha. Nilimwona ameketi kwenye ngazi ya jikoni, kitambaa kichwani, anatabasamu peke yake.

"Anasema asante, mama," nikasema. "Anasema mtaonana."

Mama akamwombea dua ya safari, akakata simu. Mjomba hakuwa amesikia, lakini alikuwa akiutazama mdomo wangu muda wote, na kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Hakunikaripia. Aliuvuta mkono wangu kutoka chini ya meza, akaushika.

"Umeona," akasema. "Haichukui hata pumzi moja."

Nilimsindikiza uwanjani kesho yake. Kabla ya kuingia ndani alinipa mfuko wa mchele, akasema huko anakokwenda hahitaji kukisoma. Niliporudi Kandara chumba kilikuwa na watu wanne na nilijihisi mpweke kuliko siku nilipotua nchi hii. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwita Mjomba mahali hapa, na sikujua kama bado nilitaka kumwita.

Mama hakupiga Jumamosi, wala Jumapili. Alipiga Jumatatu mchana. Alinisimulia taratibu. Mzee alisimama kando ya jiwe amevaa suti ya kanisani, akawageukia watu wa upande wetu wa mfereji, akayasema kwa Kitaveta, maneno ya bibi yake kama alivyoyasema. Vijana wa ukoo wake walimshika mikono wakamwondoa. Wakawaambia wageni kwamba jua la Uarabuni limemharibu kichwa. Wengi walikubali. Mama hakukubali, kwa sababu aliposikia habari ya mkono alimkumbuka nyanya yake, mama wa wale wawili, na makofi yake kwa kila mtoto aliyenyosha mkono. Alisema sasa watu wa kwao hawamsemeshi, anakaa peke yake ndani. Jana amempelekea mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, hakuingia.

Nilisikia maji yakipita mferejini nyuma yake.

"Nikuulize," akasema. "Siku ile kwenye simu. Alisema asante kweli?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakusema hivyo."